Kitanda Hakizai Haramu

Mimi ni mtu wa mitambo, habari za ndege si fani yangu. Lakini ukisoma Leicester huwezi kuikwepa habari ya vinasaba, maana ni hapa hapa Alec Jeffreys alipogundua, mwaka 1984, njia ya kumtambua mtu kwa DNA. Nilipofuatilia kipimo hicho kilitumika wapi baadaye, ndipo nikakutana na danoki.

Danoki ni ndege wa Ulaya, mdogo kama shomoro, rangi yake kahawia na kijivu, anajipitia zake chini ya vichaka, hana makuu. Karne ya 19 kasisi mmoja Mwingereza aliyeandika vitabu vya ndege, Francis Orpen Morris, alimsifia kwa upole na unyenyekevu, akaona hata wakubwa wangefaa kumuiga. Maskini kasisi! Miaka ya 1980 Nick Davies wa Cambridge aliwafuatilia danoki katika bustani ya mimea ya chuo, akiwavisha pete za rangi miguuni asije akawachanganya. Wapo walioishi jike na dume, ndiyo. Lakini wapo pia jike mmoja na madume wawili, dume mmoja na majike wawili, na hata wawili kwa wawili. Dume mkubwa anamlinda jike kutwa nzima, naye jike anamponyoka vichakani kumfuata yule wa pili. Kabla ya kumpanda, dume humdonoadonoa nyuma mpaka atoe mbegu za mwenzake. We acha tu.

Mwaka 1989 Terry Burke, wakati huo akiwa hapa Leicester, pamoja na Davies na wenzao, wakachapisha majibu ya vinasaba. Makinda wa kiota kimoja waliweza kuwa na baba wawili tofauti. Na dume hajui yupi wake, hachagui mdomo wa kulisha. Anachofuata ni nafasi aliyoipata kwa jike: aliyepata zaidi analisha zaidi, aliyekosa kabisa halishi. Wala si danoki peke yake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2002 ulionyesha kuwa kwa ndege wanaoishi jike na dume, kwa wastani zaidi ya asilimia 11 ya makinda si wa dume wa kiota hicho.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Jamaa yetu mmoja ana mtoto wa miaka 6 nyumbani, na watu wamemjaza maneno kwamba mtoto hafanani naye. Jumamosi moja baada ya ugali akasema, "Kama hata ndege wanafanya, sembuse wake zetu? Nikienda likizo nampima." Wengine wakacheka. Mimi sikucheka.

Sikucheka kwa sababu mimi nimelelewa na baba asiyenizaa. Alimuoa mama nikiwa na miaka 3. Ni fundi baiskeli, na spana ya kwanza niliyoishika maishani ni yake. Penye fomu panapoulizwa jina la baba naandika lake, wala mkono hausiti. Yeye hakupiga hesabu ya danoki. Alijua wazi mimi si wake, akalisha.

Nikamwambia yule jamaa: kaka, kasisi alimtaka ndege awe mfano wa wema, wewe unamtaka awe shahidi wa uovu. Jike wa danoki hakula kiapo na mtu. Madume wawili wakipata nafasi, wote wawili wanaleta chakula, na makinda wanashiba zaidi. Hayo ni mambo ya kiota, hayamshtaki shemeji yetu kwa lolote.

Na kipimo chenyewe sikichukii. Kazi yake ya kwanza kubwa, mwaka 1985, ilikuwa ya kijana aliyerudi Uingereza kutoka Ghana, maofisa wakabisha kuwa si mtoto wa mama yake. Vinasaba vikathibitisha kuwa ni wake, akabaki na mama na ndugu zake. Kipimo kinaweza kuunganisha familia.

Lakini sisi wa mitambo tunafundishwa jambo moja: kabla hujapima, jua jibu utalifanyia nini. Nikamuuliza, "Ukiambiwa si wako, yule mtoto anayekuita baba kwenye simu kila Jumapili, utamwambia nini?" Wazee waliposema kitanda hakizai haramu hawakuwa wajinga. Walijua ya vichakani, wakaamua mtoto asilipe deni la watu wazima.

Hakunijibu. Ameshakata tiketi ya Desemba.