Bahari Haina Kigingi

Mtu wa Lionja akianza kuzungumza habari za bahari, watu wa pwani humcheka. Sisi ni watu wa korosho, ufuta na mbaazi, na wengi wetu tumefika utu uzima kabla ya kuliona wimbi. Hata hivyo mimi nimeifikiria bahari tangu utotoni, na sababu yenyewe ni kitoweo.

Samaki walitufikia kwa tenga. Mchuuzi alipanda lori kutoka Lindi, kisha akamalizia safari kwa baiskeli, kijiji hadi kijiji, akiuza samaki wa kukaanga na wa kukausha. Mama hakununua upesi. Alimmenya samaki kidogo mgongoni, akatazama uti. Akikuta mfupa umevunjika na nyama imelegea, alimrudisha tengani na kusema, "Huyu ni wa bomu." Hivyo nikajua mapema kwamba uharibifu unaotendwa baharini unaweza kusafiri hadi jikoni kwetu.

Mjomba wangu alioa pwani na kugeuka mvuvi. Yeye ndiye aliyenieleza maana ya baruti. Mlipuko mmoja hauchagui. Huua wakubwa na makinda pamoja, na wengi huzama chini wasiokotwe. Zaidi ya hayo huvunja matumbawe, ambayo ndiyo nyumba na malisho ya samaki, na matumbawe hukua taratibu mno. Anayelipua leo anakula mtaji wa wajukuu wake.

Nilimwuliza kwa nini hawakamatwi. Alicheka bila furaha. "Mpwa wangu, wale wanaijua mipaka kuliko mabwana samaki. Boti ya doria ikitokea huku, wao wanavuka kule. Kule ni halmashauri nyingine. Na hiyo boti yenyewe, siku ikiwapo, petroli hakuna."

Maneno hayo nimekaa nayo miaka mingi. Nchi kavu unaweza kuweka kigingi na kusema hapa mwisho wangu. Baharini kigingi hakisimami. Samaki huzaliana mahali pamoja na kuvuliwa pengine, na wavuvi nao huhama kwa misimu kwenda dago mbali na kwao. Lakini leseni, ushuru, sheria ndogo na mshahara wa bwana samaki, vyote vimefungwa ndani ya halmashauri. Kila halmashauri hulinda kipande chake, na mwizi hupita kwenye mshono.

Je, mshono huo unaweza kushonwa? Tanga walijaribu. Mwaka 1994 mkoa huo ulianza mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani, kwa msaada wa serikali ya Ireland na shirika la IUCN. Halmashauri zilikuwa tatu: Tanga mjini, Muheza na Pangani. Badala ya kila moja kujifungia kwake, walitazama nani anavua wapi, na vijiji vinavyotumia miamba ileile vikawekwa pamoja. Yakapatikana maeneo sita ya usimamizi wa pamoja. Moja liliitwa Deepsea–Boma: Deepsea iko mjini Tanga, Boma ilikuwa upande wa Muheza, ambao sasa ni wilaya ya Mkinga. Jina lenyewe limevuka mpaka. Wanavijiji walishiriki kuandaa mpango, halmashauri zikauidhinisha, baadhi ya miamba ikafungwa ipumzike, na doria zikafanywa na wanavijiji pamoja na askari wa majini.

Milipuko ilipungua. Kisha, katika miaka ya 2000, ikasikika tena. Mwaka 2015 serikali ikalazimika kuunda kikosi kazi cha vyombo mbalimbali ili kupambana na baruti, na baada ya hapo hali ilitengemaa sana. Hapo kuna fundisho, ndugu msomaji. Kugawana kazi ni rahisi; kugawana gharama ndiko kugumu. Wakati mfadhili analipa, kila halmashauri ni ndugu ya mwenzake. Akiondoka, huja swali la nani anunue petroli, nani atengeneze mashine, na faini ya mhalifu aliyekamatwa mpakani iingie mfuko wa nani. Maswali haya yasipojibiwa kwa maandishi mapema, undugu huisha na boti huoza ufukweni.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ilifungua mlango mwingine: wavuvi wenyewe waunde vikundi vya ulinzi shirikishi, ambavyo pwani huviita BMU. Huko Rufiji, Mafia na Kilwa vikundi vya vijiji jirani vimeungana kusimamia maji wanayovua kwa pamoja. Naupenda utaratibu huo, kwa kuwa mvuvi anayelala karibu na mwamba huusikia mlipuko kabla ya ofisi yoyote. Lakini kikundi cha wavuvi hakiwezi peke yake kumkabili mtu mwenye baruti. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kinahitaji polisi watakaoitika, hakimu atakayehukumu, na halmashauri mbili zitakazopokea simu ileile bila kusukumiana.

Sasa narudi kwetu bara, maana najua kuna atakayesema: hayo ni ya Kilwa na Lindi, Nachingwea inahusikaje? Inahusika kwa maji. Maji ya sehemu kubwa ya Nachingwea na Ruangwa hushuka Mto Mbwemkuru, ambao huingia Bahari ya Hindi kati ya Kilwa na Lindi. Mengine hushika Lukuledi, unaoishia kwenye ghuba ya Lindi. Tukichoma misitu ya vilimani na kulima hadi ukingoni mwa mto, mvua ya masika hubeba udongo wetu na kwenda kuumwaga kwenye mikoko na matumbawe. Matumbawe huhitaji mwanga, tope huyafunika. Hapo hakuna mlipuko unaosikika, lakini madhara ni ya namna hiyohiyo.

Ruangwa ilipokuwa wilaya yake, katika miaka ya 1990, tuligawana ofisi, magari na madawati. Mito haikugawanywa. Mito hiyo iko chini ya bodi ya bonde la Ruvuma na pwani ya kusini, ambayo mamlaka yake huvuka wilaya na mikoa, na nadhani hapo ndipo madiwani wa bara na wa pwani wangepaswa kukutana mara kwa mara, si kungoja mafuriko.

Ningependa siku moja, bajeti ikisomwa Nachingwea, diwani wa Lionja asimame na kuuliza habari za kingo za mto wetu, na akiulizwa kwa nini, ajibu kwamba huko chini kuna watu wanaotuletea kitoweo. Pwani haianzii ufukweni. Inaanzia pale jembe linapokutana na maji.