Kutu Huanzia kwenye Msumari

Mabati ya kwanza niliyochora kwa ajili ya gemu yalinishinda. Nilipiga picha ya mlango ulioliwa na kutu karibu na steji ya matatu za 111 hapa Ngong, nikaibandika nzima juu ya modeli yangu ya duka. Duka lenyewe lilikuwa la katuni, paa nene kama mkate na mlango uliopinda. Picha ile ilikaa juu yake kama kiraka cha nguo ya mtu mwingine. Nikadhani kutu haijatosha, nikaongeza. Ikawa mbaya zaidi.

Jirani yetu alikuwa fundi wa jua kali, akitengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Nilimwonyesha kwenye simu. Akaitazama kwa muda, kisha akauliza, "Kijana, hapa maji yalipitia wapi?" Sikuwa na jibu. Akanitoa nje, akanielekeza nitazame paa lake, msumari kwa msumari.

Ndipo nikaona. Bati limepakwa zinki, na zinki ndiyo inayolinda chuma. Msumari unapotoboa, zinki inaanza kuisha pale, na mvua inakamilisha. Kutu huanzia tunduni, ikateremka mferejini kama chozi. Pengine huanzia pale mabati mawili yanapolaliana, kwa kuwa maji hukaa humo bila kukauka. Katikati ya bati hubaki kijivu miaka mingi.

Tangu siku hiyo niliacha kubandika picha. Nikaanza kwa rangi moja pana ya kijivu, kivuli cha zambarau badala ya cheusi, mwanga kwenye kingo, kisha mistari michache mikubwa ya kutu: kahawia katikati, rangi ya chungwa pembeni. Katuni haitaki vidoa mia. Inataka vitatu vinavyoonekana hata modeli ikiwa ndogo kama ukucha. Gemu ya World of Warcraft ya mwaka 2004 ilichorwa hivyo, mwanga na kivuli vikipakwa kwa mkono ndani ya picha, ili kompyuta dhaifu zisilemewe. Kwa simu za bei nafuu tunazotumia wengi wetu, sababu hiyo bado ina nguvu.

Baadaye zikaja programu za kupaka modeli rangi, kama Substance Painter, iliyotoka 2014. Unabonyeza, kingo zote zinachubuka zenyewe. Nilizitumia kwa furaha, mpaka nikaweka modeli zangu kumi pamoja: pipa, toroli, sanduku, zote zimechakaa sawasawa, kana kwamba hakuna aliyewahi kuzishika. Programu inajua kona iko wapi. Haijui kwamba sanduku la mwanafunzi huchubuka pale kufuli linapogonga bati kila asubuhi.

Na Ngong yenyewe imebadilika. Ukipanda vilimani kwenye mitambo ya upepo ukatazama chini, utaona mapaa mengi ya mabati ya rangi, nyekundu, kijani na buluu. Hayo huanza kwa kupauka upande wa jua kabla kutu haijayafikia, kwa hiyo nimelazimika kujifunza uchakavu mwingine. Yale ya kijivu ninayachora sasa, yangali yapo.

Sanduku nililomaliza majuzi lina rangi nne, katika picha ya pikseli 512 kwa 512, na kutu mahali pamoja tu: chini ya komeo.