Kabla Umcheke, Angalia Mkono

Wasee, mdogo wangu yuko Gredi ya 3, na mwandiko wake ulikuwa kama kuku amechakura kwa daftari. Mimi ndo nilikuwa namcheka zaidi. Juzi nikampata akifuta kazi yake mpaka karatasi ikatoboka, analia kimya mathe asisikie.

Hiyo siku sikucheka. Nilikaa nikamwangalia akiandika. Kumbe mtoto ni wa kushoto, lakini darasani aliambiwa atumie kulia! Penseli ameikaba hadi mkono unatetemeka.

Tukarudi kushoto. Daftari tukalilaza mshazari, upande wa juu ukielekea kulia, ndo aone anachoandika. Penseli anaishika mbali kidogo na ncha, bila kuikaba. Miguu iko juu ya kreti, haining'inii. Kila jioni dakika 10, herufi chache tu. Mathe naye akaenda kuongea na mwalimu.

Bado "g" zake zinaelea juu ya mstari. Lakini siku hizi daftari halifichi, ananiletea mwenyewe.

Na pole nilimwambia. Mtoto akiandika vibaya, mwangalie mkono kwanza. Kicheko kinaweza kungoja.