Matangi Mawili Katika Njia ya Chalbi

Barabara itokayo Isiolo kwenda Marsabit siku hizi ni ya lami, nayo ni mwendo wa kilomita 260 hivi. Wakati wa ukoloni mgeni hakuruhusiwa kupita Isiolo bila kibali, na aliyekipata alikula vumbi mchana kutwa. Sasa mtu anywaye chai ya asubuhi Isiolo aweza kufika Marsabit kabla ya chakula cha mchana, akaona ule mlima wenye msitu na ukungu katikati ya nchi kavu, akadhani kwamba taabu za kaskazini zilikuwa masimulizi ya wazee tu. Lakini lami hiyo inaelekea Moyale. Atakaye kwenda Ziwa Turkana hana budi kuiacha na kugeukia magharibi, na hapo ndipo safari yenyewe inapoanza.

Njia hiyo hupita Maikona, Kalacha na North Horr, ikafika Loiyangalani ukingoni mwa ziwa. Kisha hurudi kusini kwa South Horr na Baragoi hata Maralal. Jumla yake kutoka Marsabit ni kama kilomita 500, na sehemu kubwa ni mawe, mchanga na chumvi. Mafuta ya gari katika vituo vya katikati mara nyingi huuzwa kutoka mapipani, kwa bei iliyo juu kuliko ya Marsabit, na ziko siku ambapo pipa ni tupu na lori la kulijaza halijulikani liko wapi. Kwa hiyo watu wanaoijua njia hii hawaulizi kwanza kama gari lina nguvu. Huuliza lina matangi mangapi.

Gari lipendwalo na madereva wa huko ni Toyota Land Cruiser ndefu, ile yenye injini ya dizeli ya lita 4.2, ambayo wengi huitumia kwa watalii na kwa kazi za misaada. Aina yenye matangi mawili huchukua lita 90 katika kila tangi, yaani lita 180 kwa jumla. Si jambo jipya. Land Rover ndefu za zamani, hasa zile za jeshi, zilikuwa na matangi mawili chini ya viti vya mbele, kila moja la galani 10, ambazo ni lita 45 na kidogo; dereva aligeuza koki kwa mkono wake lilipokwisha la kwanza. Katika Toyota kazi hiyo hufanywa na swichi iliyo mbele ya dereva. Akiibonyeza, valvu za umeme huacha kuvuta tangi la kwanza na kuanza kuvuta la pili, na geji nayo huacha kusoma la kwanza ikasoma la pili.

Katika neno hilo la mwisho ndimo ulimo mtego. Matangi ni mawili, lakini sindano ni moja. Sindano ikisimama penye alama ya kujaa haisemi kwamba gari limejaa. Yasema kwamba tangi lililochaguliwa na swichi wakati ule ndilo lililojaa. Tena midomo ya kutilia mafuta ni miwili. Kijana wa kituo cha mafuta ambaye hajawahi kuliona gari la namna hii hujaza mdomo mmoja, huona mafuta yamefika juu, hufunga na kudai fedha. Dereva mwenye haraka hutazama sindano, huiona imepanda, hulipa na kuondoka. Ameanza safari ya lita 180 akiwa na lita 90, na pengine hatalijua hilo mpaka yuko kati ya Kalacha na North Horr, jua la saa nane likiwa utosini. Stakabadhi ingalimwambia ukweli kule kule kituoni, maana hesabu ya lita huandikwa pale. Lakini ni wachache wanaoisoma kabla ya kuitia mfukoni.

Yapasa pia kujua jinsi geji inavyofanya kazi. Ndani ya tangi mna boya dogo lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Mafuta yakipungua boya hushuka, mkono hugeuka, na umeme uendao kwenye sindano hubadilika. Ni chombo cha kawaida sana, nacho hakijui lita. Hujua tu boya liko juu au chini. Tangi la gari si sanduku lenye pande sawa. Limekunjwa ili lipate nafasi kati ya vyuma vya chini, hivyo nusu ya kimo chake si lazima iwe nusu ya mafuta. Mara nyingi sindano hukaa juu muda mrefu baada ya kujaza, ikampa dereva furaha, kisha kutoka nusu kwenda chini hukimbia kama mbuzi aliyemwona fisi. Gari likiinama mlimani mafuta huhamia upande mmoja, na sindano husema jambo jingine. Hata swichi ikibonyezwa, katika magari mengi sindano haigeuki papo hapo. Hupanda au hushuka polepole, na mwenye kuisoma upesi husoma habari za tangi aliloliacha.

Yako magari mengine ambayo dereva wake hana swichi ya kuchagua. Prado ya namna ya 150, iliyoanza kuuzwa mwaka 2009, ilipelekwa Australia ikiwa na tangi la lita 87 pamoja na la pili la lita 63, na mafuta ya lile dogo huvutwa yenyewe kwenda kwenye kubwa. Lakini Prado nyingi zinazoonekana barabara za Kenya zimenunuliwa zikiwa zimetumika Japani, na hizo kwa kawaida zina tangi moja tu la lita 87. Mtu aliyesoma katika kitabu cha nchi nyingine kwamba gari lake huchukua lita 150 amejidanganya kwa lita 63, na lita 63 kule kaskazini si kitu kidogo. Gari la petroli lililopakia watu na mizigo likila lita 18 kwa kila kilomita 100 za mchanga, lita 87 zitakwisha kabla ya kilomita 490. Mwenye gari hilo angeiona Maralal kwa mbali tu.

Baada ya Maikona nchi hulala. Chalbi ni uwanja mkubwa uliokuwa ziwa zamani za kale, mweupe kwa chumvi, na wakati wa kiangazi gari hukimbia juu yake kama juu ya sakafu. Kwa mbali msafiri huona maji yasiyokuwapo. Ngamia wa Wagabra hupita kwa mstari, na Kalacha kuna chemchemi na mikoma, mahali pa kupumzika kweli kweli. Wachungaji wa huko, kabla ya kuhamia malisho ya mbali, hukagua kila chombo cha maji kilicho juu ya kila ngamia. Hapana atazamaye chombo kimoja akakisia vilivyobaki.

Mvua ikinyesha mambo hugeuka. Uwanja ule huwa tope linaloshika magurudumu, na hata pale ambapo mvua haikuonekana, maji hushuka kutoka milimani na kulijaza bonde. Hapo dereva ana njia mbili: kuzunguka pembezoni kwenye mawe na mchanga mwororo, au kurudi Marsabit. Zote mbili hudai mafuta ambayo hayakuwa katika hesabu. Land Cruiser ya dizeli iliyokula lita 13 kwa kilomita 100 katika lami yaweza kula 20 na zaidi ikitambaa kwa gia ndogo. Kwa hesabu ya lami, lita 180 ni zaidi ya kilomita 1,300. Kwa hesabu ya mchanga, ni 900, na ni lazima kuondoa yale mabaki ya chini ambayo mrija wa kuvutia hauyafikii. Mwenye busara huhesabu kwa mchanga tangu anapotoka nyumbani, tena hutumia tangi la kwanza kwa kwenda na kuliweka la pili kwa neno la kurudi.

Ila haifai kuliacha la kwanza likauke kabisa. Injini ya petroli ikikosa mafuta hukohoa, na swichi ikigeuzwa huamka. Dizeli huvuta hewa. Hewa ikiingia kwenye mabomba, fundi hana budi kushuka na kusukuma pampu ndogo ya mkono iliyo kwenye chujio mpaka hewa yote itoke, kazi ya kuchosha katika joto na upepo. Kubadili tangi wakati taa ya akiba inapowaka huepusha hayo.

Kutoka North Horr kwenda ziwani mchanga huisha na mawe meusi ya volkano huanza. Barabara hutetemesha gari saa kwa saa, na Loiyangalani, chini ya Mlima Kulal, upepo wa mashariki huvuma kwa ukali mno. Si bure kwamba kati ya hapo na South Horr pamesimamishwa mitambo 365 ya kufua umeme kwa upepo. Mtetemeko huo hulegeza nyaya za geji, na vumbi huingia penye viungio. Sindano ikianguka ghafula, au ikipanda ilhali hakuna mafuta yaliyotiwa, kosa ni la waya. Liko kosa jingine baya zaidi. Dizeli isiyotumika na injini hurudishwa tangini kwa mrija wake. Valvu ya kurudishia ikikwama, mafuta hutolewa tangi moja na kumwagwa katika la pili, na kama la pili limejaa, hufurika njiani. Harufu ya dizeli nyuma ya gari, na sindano inayoshuka upesi kuliko kilomita, ni dalili ya kusimama na kutazama chini.

Madereva wazoefu hubeba daftari. Kabla ya safari hujaza matangi yote mawili mahali tambarare, hutumia moja mpaka taa iwake, kisha hulijaza tena na kuandika lita zilizoingia. Tangi la lita 90 likipokea 78, basi taa huwaka zikiwa zimebaki 12, na hilo hakuna kitabu cha kiwandani kitakachomwambia kwa hakika zaidi kuhusu gari lake mwenyewe. Hufanya hivyo kwa kila tangi, kwa kuwa boya la hili si boya la lile. Wakifika Maralal huandika kilomita za safari na lita za kila mdomo, na tangi lililokaa siku nyingi bila kutumiwa hulifungua kizibo cha chini ili kumwaga maji na taka zilizotulia humo, kabla ya kulijaza upya.