Jina Lililobaki Ubavuni mwa Gari



Juma hili tumeazimia kuzungumza na jamaa zetu juu ya jambo linaloweza kuonekana dogo: maandishi ya stika yanayobandikwa kwenye magari na vibao vya biashara, na namna ya kuyaondoa yanapokuwa hayasemi kweli tena. Mitaa yetu imejaa maandishi ya namna hiyo. Duka la dawa limegeuka duka la simu, na kibao bado chataja dawa. Gari la shule limegeuka gari la mikate, na ubavuni bado lajiita la shule.

Jina lililoandikwa ubavuni mwa gari ni ushahidi. Linamwambia mpita njia kwamba chombo hiki ni cha fulani na kazi yake ni fulani, naye hana budi kusadiki. Miezi michache iliyopita mama mmoja mtaani petu alimwona mwanawe wa miaka 6 akiingia katika gari la manjano lenye jina la shule yake. Akampungia mkono kutoka mlangoni, kama ada ya kila siku. Gari lile lilikuwa limekwisha kuuzwa. Dereva alikuwa dukani akishusha mikate, mlango wa nyuma ukiwa wazi, wala hakumwona mtoto alipopanda. Shule ilipopiga simu kuuliza kwa nini mtoto hakufika, nyumba ikageuka matanga. Alhamdulillahi, dereva alimkuta nyuma ya makreti na kumrejesha salama kabla ya adhuhuri. Hatuoni kosa la mama yule. Alisoma kilichoandikwa.

Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua iliyokinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilichorowa ili watu wakione, kisha akakemea vikali ughushi. Muuza gari huenda hakukusudia kumhadaa yeyote. Hata hivyo, ameacha nje ya gari maneno yasiyolingana na yaliyo ndani. NTSA hubadilisha jina la mmiliki katika kumbukumbu zake, ila maandishi ya ubavuni hayataondoka mpaka mtu ayaondoe kwa mkono wake. Rai yetu ni kwamba mzigo huu ni wa muuzaji, na aumalize kabla ya kukabidhi ufunguo.

Liko na dhiki ya namna nyingine, na hii huwapata zaidi akina mama. Tunamjua mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi wa mabomba ya maji. Pikapu yake ilibaki mbele ya nyumba, na juu yake jina la marehemu na nambari ya simu. Simu yenyewe sasa alikuwa nayo mjane. Katika miezi 4 na siku 10 za eda, wanaume asiowajua walimpigia asubuhi na usiku wakimtaka fundi, na kila simu ilimlazimu aseme upya kwamba fundi amefariki. Mwanawe wa miaka 17 akachukua kisu akwangue yote. Mama akamzuia. Alitaka herufi za jina la mumewe zitoke nzima. Kijana akaazima mashine ya kukaushia nywele ya dada yake, akakaa na kazi ile tangu baada ya alasiri hadi karibu na magharibi. Nambari ya simu ilitupwa pipani. Jina, mama amelihifadhi katika sanduku la nguo.

Sisi nasi tulipata somo letu madrasa yetu iliponunua gari lililotumika, lenye jina la mwenyewe wa kwanza pande zote mbili. Kabla ya kumpakia mtoto hata mmoja, tulikaa na mafundi na kina mama wa kamati, tukaifanya kazi kwa mikono yetu. Tunayaeleza hapa tuliyojifunza, kwa kuwa ni kazi inayowezekana nyumbani.

Stika hizi ni plastiki ya PVC iliyotiwa dawa ya kuilainisha ili ifuate umbo la bati, na nyuma yake ikapakwa gundi. Jua la pwani huitoa dawa ile kidogo kidogo. Plastiki hukauka, ikawa dhaifu kama ganda la yai, huku gundi ikizidi kushikamana na rangi. Kwa hiyo kadiri jina linavyoachwa, ndivyo linavyozidi kuwa gumu kuondoka.

Anza kwa kuosha gari, maana chembe za mchanga ndizo zinazochora rangi. Kisha lipatie joto la wastani. Liegeshe kwenye jua la asubuhi mpaka bati lipate vuguvugu, au tumia mashine ya kukaushia nywele ukiizungusha bila kuikawiza mahali pamoja. Joto lisizidi lile ambalo mkono waweza kulistahimili. Inua pembe ya stika kwa ukucha au kwa kadi ya zamani ya plastiki, ikunje irudi juu yake yenyewe, kisha ivute polepole huku imelala karibu na bati. Mwenye pupa hunyanyua wima kwa nguvu, ikakatika vipande vidogo, na kazi ya saa 1 ikawa ya saa 4. Ikiwa gari limewahi kupakwa rangi upya, ongeza upole, kwani rangi ya namna hiyo huweza kubanduka pamoja na stika. Na rangi ikibanduka hadi kwenye bati, hewa yetu ya chumvi haichelewi kuleta kutu.

Plastiki ikisha kutoka, gundi hubaki. Hapa ndipo wengi huchoka na kuiacha, na vumbi likaishika gundi ile, jina likasomeka upya kwa wino wa uchafu. Sogeza gari kivulini, kwa sababu juani dawa hukauka kabla ya kufanya kazi. Paka mafuta ya nazi au ya kupikia, funika kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, gundi ilainike, kisha ikwangue kwa ile kadi. Mabaki yafute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, baada ya kujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Mafuta ya taa nayo huiyeyusha gundi, lakini yawe mbali na jiko na mbali na watoto. Petroli usiiguse kwa kazi hii, na thina ya kuzimulia rangi huila rangi yenyewe. Malizia kwa maji na sabuni, kwani mafuta yaliyosalia hukusanya vumbi na kuzuia stika mpya isishike.

Kioo kina hukumu yake. Nje yake waweza kutumia wembe uliolazwa, kioo kikiwa kimeloa maji ya sabuni. Ndani ya kioo cha nyuma chenye nyaya nyembamba za kupasha joto, wembe usiingie, kwani utazikata. Vibao vya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, vile vinavyowashwa taa usiku, visipakwe spiriti wala thina, kwani huvifanya vipasuke nyufa nyembamba mfano wa nywele. Maji ya vuguvugu, sabuni na mafuta ya kupikia vyatosha.

Hata baada ya yote haya, gari letu lilipoangaliwa jua likiwa chini, jina la kale lilionekana kama kivuli. Sababu yake ni kwamba rangi iliyokuwa wazi ilipauka kwa jua, na ile iliyofunikwa na herufi ikabaki na weusi wake wa awali. Polishi ya kung'arishia rangi hupunguza tofauti hiyo, na pengine haiimalizi. Tulipaka mara 2, kivuli kikafifia. Mafundi wakataka tuendelee. Kina mama wa kamati wakasema rangi nayo ina unene wake, kila polishi huila kidogo, na bora jina jipya la madrasa liandikwe juu ya kivuli kile kile ili likifunike. Rai yao ndiyo iliyofuatwa, na leo hapana anayesoma jina la kale.

Limebaki suala ambalo twaulizwa mara nyingi: stika zenye jina la Mwenyezi Mungu au aya za Qur'ani. Nazo hukauka, zikamomonyoka, na vipande vyake vikaanguka barabarani penye nyayo na taka. Mwenye kuibandika stika ya namna hiyo amebeba amana ya kuiondoa kabla haijafikia hali hiyo. Itolewe kwa joto ili itoke nzima, na chini patandikwe kitambaa safi cha kupokea vipande. Sayyidna Uthman (r.a.) aliamuru kuchomwa kwa nakala zilizotofautiana na msahafu uliokusanywa, na wanavyuoni wengi wakaona humo ruhusa ya kuchoma karatasi zenye maandishi matukufu. Stika lakini si karatasi. Plastiki ya PVC ikiungua hutoa moshi wa sumu, unaodhuru vifua vya watoto na majirani. Basi ikatwekatwe kwa mkasi mpaka isibaki herufi ya kusomeka, au izikwe mahali safi pasipokanyagwa.

Tunawanasihi jamaa zetu: kabla ya kuuza gari, kuhamisha duka, au kumkabidhi mwingine chombo cha marehemu, lizungukeni pande zote mkisoma kila kilichoandikwa. Kisichokuwa kweli kiondoeni, pamoja na gundi yake. Na wazazi wawafunze watoto kumtambua dereva kwa sura na utingo kwa jina lake, wala wasitosheke na maandishi ya ubavuni.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awarehemu waliotangulia, na aziafikishe kauli zetu na yaliyo ndani yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.