Jirani Yetu wa Lookout Mountain

Golden ni mji mdogo wa Colorado, umebanwa na vilima pale ambapo nyika tambarare za Marekani zinakoma na Milima ya Rocky inaanza. Tuliishi huko wakati mume wangu akisomea uhandisi wa madini katika Colorado School of Mines. Asubuhi za baridi harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia ilitanda mji mzima, na mto Clear Creek ulipita karibu ukivuma kwa maji ya theluji. Upande wa magharibi ulisimama Lookout Mountain. Barabara inapanda kwa kona kali hadi juu, na huko juu amezikwa William Cody, aliyejulikana dunia nzima kwa jina la Buffalo Bill.

Kila mgeni aliyetutembelea kutoka Mwanza tulimpandisha huko, hata kabla hajaizoea hewa ile nyepesi. Ukisimama karibu na kaburi, mashariki unaiona Denver na nyika inayokwenda mpaka ikutane na mbingu. Ukigeuka, vilele vyeupe. Baada ya hapo tuliingia kwenye makumbusho yaliyo jirani, na humo ndimo nilimokuwa nikichelewa, wenzangu wamekwisha kutoka zamani wananisubiri nje na kahawa zao.

Cody alizaliwa Iowa mwaka 1846. Alipokuwa na umri wa miaka 8 baba yake alichomwa kisu huko Kansas kwa kusimama hadharani kupinga utumwa kuenezwa huko. Mzee akafariki mwaka 1857, na mtoto akaanza mapema kujitafutia riziki. Alipokuwa kijana aliajiriwa kuwinda nyati ili mafundi wa reli ya Kansas Pacific wapate kitoweo, na kwa hesabu yake mwenyewe aliua 4,280. Kisha akawa mpelelezi wa jeshi la farasi: mtu wa kusoma nyayo, kujua maji yalipo, kubeba barua usiku katika nchi ya maadui. Kazi hiyo aliijua kwelikweli. Mwaka 1872 alitunukiwa Nishani ya Heshima kwa ajili yake, na mwezi Desemba mwaka huohuo alipanda jukwaani Chicago kwa mara ya kwanza, akiigiza kuwa Buffalo Bill.

Katika maisha yake yote, siku iliyonishughulisha kuliko nyingine ni tarehe 17 Julai 1876. Wiki chache kabla yake, Walakota na Wacheyenne, wenyeji wa asili wa nyika zile, walikuwa wamemshinda na kumuua kamanda wa jeshi la Marekani, Custer, pamoja na askari wake kule Little Bighorn. Cody alikuwa ameacha mchezo wa kuigiza akarudi jeshini. Asubuhi ile, karibu na kijito cha Warbonnet huko Nebraska, alikwenda vitani amevaa mavazi yake ya jukwaani, mahameli nyeusi yenye vifungo vya fedha. Alimuua shujaa wa Kicheyenne aitwaye Yellow Hair, akamchuna ngozi ya kichwa pamoja na nywele, akasema ni malipo ya Custer. Majira ya mapukutiko hayohayo alikuwa jukwaani tena, akiyaigiza mauaji hayo mbele ya watu waliolipa kiingilio, na nywele za marehemu zikionyeshwa.

Nilisimama mara nyingi mbele ya habari hiyo nikiwaza mtu anayevaa nguo za maigizo kwenda kuua kweli. Alijua tangu alfajiri kwamba siku ile itauzwa. Sijapata namna ya kumsamehe jambo hilo, na sitafuti.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 1883, kule Omaha, alianzisha maonyesho makubwa ya uwanjani: wachunga ng'ombe, nyati hai, gari la abiria linalovamiwa, na baadaye wapanda farasi wa Kilakota kwa makumi, wengi wao wa Pine Ridge. Mwaka 1887 walikuwa London, Malkia Victoria akiwatazama. Walizunguka Ulaya wakafika Paris na Roma. Wanaosema kwamba Walakota hao walidanganywa tu wanasahau mwaka huo wa kuanzia. Ni mwaka uleule, 1883, serikali ya Marekani ilipotoa kanuni za kupiga marufuku ngoma zao za ibada na kazi za waganga wao katika maeneo waliyotengewa. Nyumbani ngoma ilikuwa kosa la kukunyima chakula cha mgawo au kukutia ndani. Uwanjani kwa Cody walicheza mchana kweupe, wakalipwa mshahara, wakauona ulimwengu.

Sitting Bull mwenyewe, kiongozi wa Walakota, alijiunga mwaka 1885 kwa miezi minne, dola 50 kwa wiki, akashikilia kwamba mapato ya kuuza picha zake yawe yake. Desemba 1890 aliuawa mlangoni kwake na polisi wa kabila lake waliotumwa kumkamata. Wiki mbili baadaye wanajeshi waliua mamia ya Walakota, wanawake na watoto kwa wingi, pale Wounded Knee. Mwaka uliofuata serikali iliwatoa kizuizini baadhi ya viongozi wa ibada ya ngoma ya Walakota ambayo iliiogopa, akiwamo Kicking Bear, ikamkabidhi Cody awachukue Ulaya. Hebu fikiri: waliokataa kushindwa walipelekwa ng'ambo kuigiza vita vyao wenyewe.

Mjomba wangu kule Kisesa alikuwa wa chama cha Bayeye, wacheza na chatu. Watalii walipofika alivaa mavazi yake yote akamchezesha nyoka mpaka wakapiga mayowe. Dawa hakuionyesha kwa yeyote. Kwa hiyo nilipoziangalia zile nyuso za Walakota pichani makumbushoni, chini ya taji za manyoya ya tai, sikuona watu waliouza kila walichokuwa nacho.

Cody alipata fedha nyingi sana akazipoteza zote: migodi isiyo na madini, mji wa Cody alioasisi Wyoming, marafiki, pombe. Mwaka 1913 maonyesho yake yalipigwa mnada Denver kwa deni. Alifariki mjini humo tarehe 10 Januari 1917, akazikwa mlimani mwezi Juni. Mwaka huohuo nishani yake ilifutwa, kwa kuwa hakuwa askari aliyeandikishwa. Ilirudishwa mwaka 1989. Watu wa mji wa Cody wameendelea kudai kwamba mwili ni wao, na mwaka 1948 kaburi lilibidi kulindwa. Jirani yetu mmoja, bibi mstaafu wa pale Golden, alilizungumza jambo hilo kwa hasira kana kwamba wezi walikuja juzi.

Mimi jina nililoshuka nalo mlimani ni la mwingine. Iron Tail, Mlakota wa Oglala, alisafiri na Cody miaka mingi. Mwaka 1898 mpiga picha Gertrude Käsebier aliwaalika wapanda farasi hao katika studio yake New York. Alitaka mtu asiye na pambo, akamwomba Iron Tail avue taji na vito vyake vyote. Alivua, akakaa kimya. Picha ni nzuri, wataalamu wanaisifu mpaka leo. Iron Tail alipoiona aliichana. Ikabidi apigwe nyingine akiwa amevaa taji lake kamili, manyoya yote mahali pake, naye akaikubali hiyo. Baadaye uso wake ulikuwa miongoni mwa nyuso alizozitumia mchongaji wa sarafu ya senti 5 ya mwaka 1913, ile yenye nyati upande wa pili. Wamarekani mamilioni walimtia mfukoni bila kumjua jina.