Ufuta wa Uwandani kwenye Meza za China

Nikiyakumbuka masoko ya mazao ya Kondoa, Chemba na Kongwa ya miaka ya tisini, nakumbuka mahindi, karanga na alizeti. Ufuta ulikuwapo, ila ulikuwa zao la pembeni ya shamba, la kuuzwa pale ada ya shule inapobana. Mchuuzi alikuja na mizani yake, akataja bei yake, akashindilia gunia likawa lumbesa, akaondoka. Zile mbegu ziliishia wapi baada ya Dar es Salaam, hakuna aliyeuliza, kwa kuwa jibu lisingeongeza hata shilingi moja. Leo mkulima wa Chemba anajua kuwa mnunuzi mkubwa wa ufuta duniani ni China, na bei ikidorora mnadani huitaja China kabla ya kuitaja mvua. Ufahamu umebadilika kuliko gunia lenyewe, ambalo mara nyingi bado linasafiri kama zamani: mbegu ghafi, na mchanga wake humohumo. Nasema hivi kwa sababu naona tumezoea kulaumu ushuru, na wakati mwingine ladha za watu wa kule. Kinachotuweka mbali na mlaji wa China ni usafi wa zao letu, pamoja na kushindwa kwetu kuonyesha limetoka shamba la nani.

Ushuru wenyewe umekwisha. Tarehe 1 Desemba 2022 China iliuondoa kwa asilimia 98 ya aina za bidhaa kutoka Tanzania na nchi nyingine kadhaa. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Desemba 2024, ikauondoa kwa bidhaa zote za nchi zenye maendeleo duni ambazo ina uhusiano wa kibalozi nazo. Lakini mwaka huohuo wa 2022, tangu siku ya kwanza ya Januari, kanuni mbili za Forodha Kuu ya China, namba 248 na 249, zilikuwa zimeanza kutumika, na kwetu hazikusherehekewa wala kujadiliwa sana. Zinataka kila kiwanda au ghala la nje linalosindika au kuhifadhi chakula cha kuingia China liwe limesajiliwa huko. Kwa makundi 18 ya vyakula yaliyotajwa kanuni hizo zilipoanza, yakiwamo mbegu za mafuta, nafaka na asali, mwenye kiwanda hajisajili mwenyewe. Lazima mamlaka ya nchi yake imkague kwanza, kisha impendekeze. Chakula kilichofungashwa hudaiwa pia namba ya usajili kwenye kifungashio, na maelezo kwa Kichina ya viambato, tarehe, nchi kilikotoka na mwakilishi wake aliyeko China. Kikwazo kimehama: zamani kilikuwa bandarini kwao, sasa kimo ghalani kwetu.

Na ghalani kwetu kuna nini? Ufuta ni zao lisilomsubiri mtu. Vitumba vyake vikikauka hupasuka na kumwaga mbegu, kwa hiyo hukatwa mapema, hufungwa mafungu na kusimamishwa vikauke, kisha hukung'utwa. Ukikung'utwa juu ya turubai, unapata mbegu. Ukikung'utwa kwenye ardhi tupu, unapata mbegu, mchanga na vijiti, na chekeche haliwezi kutoa mchanga wote, maana chembe nyingine zinalingana na ufuta kwa ukubwa. Kule Beijing ufuta husagwa kuwa rojo la kuchovyea nyama za kuchemshwa mezani. Wuhan rojo hilohilo ndilo linalokoroga tambi za kifungua kinywa. Chembe moja ya mchanga kwenye chakula cha namna hiyo mlaji huisikia kwenye jino. Mwenye kiwanda cha kule anajua, hivyo hukata bei ya mzigo mchafu ili alipie kuusafisha mwenyewe, na makato hayo hurudi hatua kwa hatua mpaka kwa mkulima. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ilipitishwa mwaka 2005, ulipofika kwenye ufuta ulimpunguza mchuuzi wa lumbesa, na hilo ni jema. Malalamiko kuhusu malipo kuchelewa nayakubali. Lakini mimi naona dosari kubwa zaidi: mzigo wa mkulima aliyetandika turubai ukimwagwa ghalani pamoja na wa jirani ambaye hakutandika, wote wawili wanalipwa bei ya mchanga.

Wapo watakaosema hayo ni mambo madogo, kwamba dawa ni kuacha kabisa kuuza ghafi na kufungasha wenyewe: mafuta ya ufuta kwenye chupa, asali ya Singida kwenye mtungi, mvinyo wa Dodoma kwenye rafu za Shanghai. Natamani iwe hivyo. Zabibu za Makutupora na Hombolo huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mashamba ya Ulaya hayalijui, na bado sehemu kubwa ya mchuzi wa zabibu huondoka Dodoma kwa jumla bila jina. Lakini mlaji wa Shanghai hanunui chupa kwa kuwa imefika; hununua jina analolijua. Mvinyo wa Chile huingia China bila ushuru, na ule wa Australia ulirudi kwa nguvu baada ya ushuru mkubwa wa adhabu kufutwa Machi 2024. Kwenye asali tunakutana na China yenyewe, nchi inayozalisha asali nyingi kuliko nyingine yoyote duniani. Kujenga jina katika soko la namna hiyo ni gharama ya miaka mingi, na kiwanda kidogo cha Manyoni au Kondoa hakiwezi kuibeba. Kiambato hakidai jina. Kiwanda cha rojo la ufuta huuliza usafi, unyevu na kiasi cha mafuta, basi. Ni kweli faida ya mwisho itabaki kwa mwenye chupa, lakini ufuta uliosafishwa, ukapangwa madaraja na hata kukobolewa unabakiza sehemu kubwa zaidi ya bei hapa uwandani.

Pingamizi linalonipa shida zaidi linatoka Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga kwa sababu kwao mafuta ya kula yalikuwa haba. Udongo wa mfinyanzi ukakauka na kugoma, mvua ikakosekana, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kula takriban pauni milioni 36. Je, kulima kwa kuangalia tumbo la taifa moja la mbali si kurudia yaleyale? Hatari ipo, na safari hii ikitokea hasara atakayeibeba ni mkulima, si hazina ya London. Ila ufuta safi wenye kumbukumbu za ulikotoka unauzika pia Japani na Uturuki; ufuta mchafu ndio unaomngoja mnunuzi mmoja.

Wizara ya Kilimo sasa iko Mtumba, Dodoma, mwendo mfupi tu kutoka mashambani. Iviagize vyama vya msingi vya ushirika vipokee mzigo kwa madaraja, viandike jina la kijiji kwenye kila shehena, na ipeleke mashine ya kusafishia kwenye kila ghala kuu la ufuta la Kondoa na Chemba kabla ya msimu ujao. Lebo za Kichina zitafuata baadaye.